Bi Sabuni Anunua Skrini

Bi Sabuni hakuwahi kuuza sabuni hata kipande. Jina hilo alibandikwa na wateja wake kwa sababu ya kazi anayoifanya, ambayo ni kuosha sura za watu. Mtu anapigwa picha, anajiona, anashtuka, anaipeleka kwa Bi Sabuni. Yeye anaifungua kwenye kompyuta, anaondoa chunusi, anafuta makunyanzi, anampunguzia mtu kidevu cha pili na kumwachia kile cha kwanza, kisha anayarudisha meno kwenye weupe ambao hayajawahi kuwa nao tangu yaote. Mteja akiiona anashika kifua: "Hapo sasa! Huyo ndio mimi!" Wala si yeye. Ni binamu yake tajiri ambaye hajazaliwa bado. Lakini nani atoe hela yake kununua ukweli, wakati ukweli anao bure nyumbani, kwenye kioo cha bafuni?

Chumba chake cha kazi kilibanwa kati ya fundi viatu na saluni. Upande wa saluni ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo msusi alikuwa akichangia mazungumzo yote ya Bi Sabuni bila kualikwa na bila kuonekana. Humo ndani kulikuwa na meza, kiti chenye mto uliokwisha kata tamaa, na ukutani sampuli za kazi: kadi za mialiko, bango la duka la rangi, nembo za kampuni zilizokufa kabla wino haujakauka, na maharusi. Maharusi walikuwa wengi, na wote walifanana kama waliotoka tumbo moja, jambo ambalo msusi aliliona ni sifa.

Kulikuwa na sababu ya kufanana huko. Kwa kuwa kila mteja alitaka yaleyale, Bi Sabuni alikuwa ameyafungia mambo yote kwenye kitufe kimoja cha kibodi. Ukikibonyeza, sura inang'aa, inalainika, inasafika. Alikiita dawa. Herufi iliyoandikwa juu yake ilikwisha kufutika kwa kubonyezwa, na kidole chake kilikuwa kikienda huko chenyewe kabla picha haijamaliza kufunguka, kama mguu wa mlevi unavyoijua njia ya kilabuni.

Kompyuta yenyewe ilikuwa mzee wa kuheshimiwa. Asubuhi iliwashwa, ikakohoa, ikafikiri, na Bi Sabuni akapata muda wa kufagia, kunywa chai na kugombana na msusi kabla haijawa tayari. Skrini yake ilikuwa imefifia kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na kadiri ilivyofifia ndivyo Bi Sabuni alivyozidi kuzing'arisha picha ili azione, bila kujua kwamba anafanya hivyo. Picha zikirudi kutoka kwa mchapaji, watu wamepauka. Bi Sabuni akasema mashine ya mchapaji ni mbovu. Mchapaji akasema mashine yake ni nzima, macho ya fulani ndiyo mabovu. Ugomvi huo ulikuwa umedumu kuliko ndoa nyingi walizozichapia kadi.

Sasa, Bi Sabuni alikuwa na shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea. Shangazi huyu alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kuwaapisha watu waseme kweli, kisha kukaa chini na kuwasikiliza wakisema uongo. Kazi hiyo ilimwachia ulimi mkali na masikio yasiyodanganyika. Macho ndiyo yaliyokuwa yakimwacha mkono. Ilikuwa presha ya macho. Daktari alimpa matone na kumwambia bila kuzunguka kwamba mwanga uliokwisha ondoka haurudi, na uliobaki nao unafunga mizigo.

Siku moja shangazi akaja mwenyewe kwenye chumba cha kazi, akipapasa mlango.

"Nataka unitengenezee picha kubwa," alisema. "Ya uso tu."

"Ya nini tena, shangazi?"

"Ya kujitazama. Picha zangu zote ni za vitambulisho, na katika zote nimekaa kama mtuhumiwa. Kioo nacho, mpaka nikisogelee ndio nione, na nikikisogelea naona pua. Picha nitakaa nayo dirishani niisome polepole, kipande kwa kipande. Nataka nijue naingia gizani na sura gani."

Nyuma ya mbao msusi akapenga kamasi.

"Na usichelewe, mwanangu," shangazi akaongeza akiinuka. "Mimi sina haraka. Macho ndio yana haraka."

Jamaa waliposikia walinong'ona kwamba huo ni uchuro, mtu mzima kujitakia picha kubwa kana kwamba anajiandalia msiba. Shangazi aliwajibu kwamba msiba wake wataujua siku hiyo, picha au hakuna picha, na kwamba wale wanaonong'ona ndio watakaokula zaidi. Bi Sabuni akaazima kamera kwa mpiga picha, akamkalisha shangazi karibu na dirisha na kumpiga picha. Akarudi kazini, akaifungua picha. Kompyuta ikaguna, ikatoa harufu ya waya ulioungua, ikafa.

Angeweza kwenda kuifanyia kazi hiyo kwingine. Mchapaji alikuwa na kompyuta nzima kabisa, tena mtaa wa pili. Lakini kwenda kwa mchapaji kumwomba kiti, baada ya yote waliyokwisha kutupiana? Afadhali angekwenda kuomba jua lisichomoze. Akaamua anunue mashine mpya na skrini yake, kwa akiba yake mwenyewe. Na hapo ndipo alipokosea kosa la kwanza, maana aliwaambia watu.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari ndefu, naye kwa simu akaagiza kwamba jambo zito kama hilo lisiamuliwe na mtu mmoja. Likaitishwa kikao. Akaja kaka yake mkubwa, mtu wa ghalani, ambaye maisha yake yote amebeba na kubebesha. Akaja shemeji, mdogo wa mumewe, ambaye alikuwa mpokea wageni kwenye ofisi yenye kompyuta nyingi na kwa hiyo ukoo mzima ulimhesabu kuwa mtaalamu wa kompyuta. Kwa hesabu hiyo mlinzi wa hospitali ni daktari wa upasuaji. Msusi hakuja. Hakuwa na haja ya kuja.

"Kompyuta nzuri ni nzito," kaka mkubwa alifungua kikao. "Ukiinyanyua ukaona mgongo haukuumi, ujue umeibiwa."

"Kaka, hizo zilikuwa zamani," shemeji akasema kwa huruma, akikunja nne. "Shemeji yangu, wewe chukua zile za wacheza gemu. Zina taa huku, taa huku, na feni zinawaka rangi. Ikiweza gemu itashindwa na picha?"

La ajabu ni kwamba hapo hakuwa mbali na kweli. Mashine yenye nguvu za kuchezesha michezo huwa na nguvu za kufungua picha nzito pia. Lakini nguvu si kitu alichokipenda yeye. Alipenda taa.

"Hizo taa zinasaidia nini?" kaka aliuliza.

"Zinapoza."

"Taa zinapoza?"

"Ni teknolojia, kaka. Ni vigumu kukueleza."

"Mimi nasema skrini iwe kubwa!" ukuta ukasema. "Mteja ajione! Hata mimi nikipita nje nimwone!"

Mtu pekee aliyejua kinachotakiwa alikuwa mwenyewe mwenye hela. Alijua anataka memori ya kutosha, ili mashine isigande anapopanga picha juu ya picha na maandishi juu yake. Alijua anataka diski ya kasi, na nyingine ya kuhifadhia kazi za wateja. Alijua anataka kidude cha kushika umeme unapokatika, asipoteze kazi ya mchana kutwa. Na juu ya vyote alijua kwamba mashine ni mwili tu, roho ya kazi yake ni skrini, maana mtu wa picha akidanganywa na skrini ameshadanganya dunia nzima. Alisema maneno hayo mara moja, kwa sauti ya mwanamke mwenye adabu zake. Kikao kikampongeza kwa mchango wake, kisha kikaendelea kujadili taa.

Kikao hakikuisha siku hiyo. Kiliahirishwa, kikaitishwa tena, kikavunjika kwa sababu kaka na shemeji walikosana juu ya rangi ya boksi. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Chombo hiki hakikupata hata heshima ya kwenda mrama, kwani hakikung'oa nanga. Walioleta ushauri walikuwa wengi. Aliyeleta hela alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa akiwapikia chai. Wiki zikapita. Shangazi akawa anapiga simu na kuuliza, "Kesi imeahirishwa tena?" Bi Sabuni akawa anajibu, "Kesho kutwa tu, shangazi," na moyoni akiona kwamba kweli ni kesho kutwa tu. Ilikuwa hivyo kila mara.

Hatimaye walikwenda dukani: Bi Sabuni, shemeji kama mtaalamu, na msusi aliyefunga saluni yake kwa ajili hiyo, akimwacha mteja nusu kichwa kimesukwa na nusu kinasubiri. Duka lilikuwa na baridi ya kiyoyozi na ukuta mzima wa skrini, na kila skrini ilionyesha kasuku. Sijui wauza skrini wamekosewa nini na wanyama wengine. Muuzaji alikuwa kijana wa tai ambaye maneno yake yalitoka bila kituo, kana kwamba mahali fulani kuna mtu anayalipia.

"Hii hapa, dada yangu, ina rangi zaidi ya bilioni moja!"

"Nitajie kumi," alisema Bi Sabuni.

Muuzaji alicheka, akataja nyekundu, bluu, kijani, kisha akawahamishia kwenye skrini nyingine.

Mashine yenyewe ilipatikana bila shida. Ilikuwa na memori aliyoitaka, diski alizozitaka, na taa mbili tatu za kumnyamazisha shemeji. Kazi ikabaki kwenye skrini. Hapa Bi Sabuni alifanya jambo la akili, na nataka lihesabiwe, kwa sababu ndilo la mwisho la akili alilolifanya siku hiyo. Alikuja na picha ya bibi harusi, iliyochapwa kwenye karatasi, na picha ileile kwenye flashi. Akaomba iwekwe kwenye skrini mbili, moja kando ya nyingine, na yeye akasimama katikati ameshika karatasi mkononi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Skrini itakayofanana na karatasi ndiyo inayosema kweli.

Skrini ya kwanza ilikuwa pana, imepinda kidogo, inang'aa. Bibi harusi aliwaka humo ndani. Mashavu yalikuwa na damu, shela lilimetameta, macho yalikuwa na unyevu wa furaha. Skrini ya pili ilikuwa bapa, haina mng'ao, imepoa kama uji usiotiwa sukari. Humo bibi harusi alikuwa kama alivyo kwenye karatasi: amepauka, hana kope wala vinyweleo, hana hata kivuli chini ya pua. Alikuwa kama yai lililomenywa likavishwa shela.

Bi Sabuni alitazama karatasi, akatazama ile skrini iliyopoa, akatazama karatasi tena. Zilifanana. Kwa hiyo mashine ya mchapaji ilikuwa nzima siku zote. Kwa hiyo hivi ndivyo watu walivyokuwa wakitoka mikononi mwake, na hivi ndivyo walivyotundikwa kwenye kuta za nyumba zao, mtaa baada ya mtaa.

"Huku amekufa," msusi alisema akionyesha ile iliyopoa. Akageukia nyingine. "Huku amefufuka!"

"Hiyo ya kupooza ni ya watu wa hesabu," shemeji akaamua. "Ya kuandikia barua."

"Wengi wanachukua hii inayong'aa," muuzaji aliunga mkono, naye hapo hakudanganya.

Bi Sabuni angeweza kusema. Alikuwa na jibu mkononi, limechapwa kabisa. Lakini kuichukua ile iliyopoa kulikuwa ni kukaa nayo kila siku asubuhi mpaka jioni, ikimwonyesha kazi yake ilivyo. Ile nyingine ilimvika kilemba cha ukoka na kumwambia kwamba yeye ni fundi. Wote tunajua ni rafiki gani watu humkaribisha nyumbani. Akakunja karatasi yake, akaitia mkobani.

"Nifungie hii inayong'aa," alisema, na shemeji akaibeba hadi nje kama aliyejifungua.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Siku hiyo chumba kilijaa watu waliokuja kutazama. Fundi viatu aliacha kiatu na msumari mdomoni. Msusi alitembeza wateja wake kwa zamu. Watoto wa jirani walisimama mlangoni wakidhani ni sinema. Bi Sabuni akachomeka kibodi yake ileile ya zamani, akairudisha dawa yake kutoka kwenye flashi, akaifungua picha ya shangazi, na kidole, kwa heshima zake zote, kikaenda kwenye kitufe chake. Dawa ikaingia. Sura ikalainika, ikang'aa, ikasafika. Skrini nayo ikaongeza utamu wake, ikamtia shangazi rangi ya joto ambayo haikuwemo kwenye picha wala haingefika kwenye karatasi. Watu wakashangilia.

"Ai! Shangazi alikuwa mrembo hivi?" msusi aliuliza. "Mbona hakutuambia?"

Bi Sabuni akaipeleka kwa mchapaji kwenye flashi, kwa mkono wa mtu mwingine, na jioni akaipokea imefungwa. Hakuifungua. Aliogopa, ingawa alijiambia ni haraka. Akaipeleka hivyohivyo kwa shangazi.

Shangazi aliishi chumba kimoja kilichopangwa kwa nidhamu ya mtu anayejua kwamba siku moja atahitaji kukipapasa. Alihamisha kiti chake dirishani, mahali mwanga wa magharibi ulipoingia, akaishika picha kwa mikono miwili na kuisogeza mpaka karibu iguse kope. Akaanza juu kushoto. Akasoma paji la uso, akasoma jicho, akarudi, akasoma jicho la pili. Alikaa muda mrefu sana. Bi Sabuni alisimama akichezea mkoba wake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Huyu nani?" shangazi aliuliza.

"Ni wewe, shangazi."

"Mimi?" Akaisogeza picha tena, akatafuta. "Kwetu hakuna mtu wa rangi hii. Hata waliokufa. Huyu hajawahi kulia, hajawahi kugombana na mtu, hajapigwa na jua hata siku moja. Huyu hana hata mama." Akaishusha magotini. "Umeniosha, mwanangu, mpaka nimekwisha."

"Nitairudia. Ni skrini tu, shangazi, ile skrini—"

"Nilitaka nijione," shangazi alisema. Hakusema kwa ukali. Afadhali angekuwa mkali, Bi Sabuni alizoea ukali wake na alijua pa kuuweka.

Alirudi nyumbani kwa miguu, ameona haya mpaka masikio yanamwaka. Alikuwa amewapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa maisha yake yote na kulipwa, na wote walishukuru. Mmoja tu ndiye aliyemwomba ukweli, naye ndiye aliyemnywesha uji kwa kijiko, na hata huyo alimpaka. Hakulala vizuri. Asubuhi aliichomoa ile skrini, akaivisha boksi lake, akamwita shemeji aibebe.

"Tunaipeleka wapi?"

"Dukani. Nakwenda kuibadilisha na ile ya watu wa hesabu."

"Shemeji! Umechanganyikiwa? Watu watasema nini? Kaka mkubwa atasema nini?"

"Atasema imepungua uzito. Beba."

Muuzaji aliwapokea na uso uliokuwa umezimwa. Maneno yale yasiyo na kituo yalikuwa yamepata vituo vingi. Bidhaa ikishatoka hairudi, alisema. Boksi limefunguliwa. Sera ya duka. Alikubali mwishoni, baada ya Bi Sabuni kukaa sakafuni katikati ya duka, mgongo umeegemea boksi, akiwaeleza wateja wapya, kwa upole kabisa, tofauti kati ya skrini na kasuku. Alipata hasara katika kubadilishana huko, na hakuna aliyemhurumia, kwa sababu waliomshauri walishasahau kwamba walimshauri.

Ile skrini iliyopoa ikawekwa mezani. Hakuna aliyekuja kuitazama. Fundi viatu alichungulia, akauliza kama umeme umepungua.

Bi Sabuni akaifungua picha ya shangazi kama kamera ilivyoileta, na kabla hajamaliza kuvuta pumzi, kidole kilikuwa kimeshafika kwenye dawa. Akairudisha. Akaanza upya. Kidole kikaenda tena. Mara ya tatu alikipiga kwa mkono wa pili kama anayepiga mkono wa mtoto kwenye sahani ya mgeni. Basi akachukua mpini wa kijiko, akauchomeka chini ya kile kitufe, akaking'oa. Kikaruka, kikaangukia chini ya kabati, na hakujisumbua kukitafuta.

Kisha ikawa hana la kufanya. Hilo ndilo lililomtesa. Kazi yote aliyoijua ilikuwa ya kuondoa, na hapa alitakiwa kuacha. Akafuta chembe ya vumbi iliyokuwa kwenye lenzi. Akanyoosha picha iliyokuwa imeinama kidogo. Kila alipotaka kugusa kitu, ilimbidi ajiulize hiki ni cha kamera au ni cha shangazi, na kila kilichokuwa cha shangazi alikiacha. Alichukua siku nyingi, siku nyingi kupita kiasi, kwa sababu aliogopa kukosea tena na kwa sababu aliona haya kwenda kule bila kitu mkononi. Hakupita kwa shangazi hata kumjulia hali. Alijiambia ataingia na picha, na picha itamwombea msamaha.

Alipomaliza alikwenda kwa mchapaji mwenyewe, kwa miguu yake. Mchapaji alimtazama, akatazama flashi, akangojea matusi. Hakupata. Karatasi ilipotoka kwenye mashine walisimama pamoja wakiitazama, na mchapaji akasema, "Huyu namjua. Huyu aliwahi kuniapisha." Bi Sabuni alitaka kumwomba radhi, ikamshinda, akamwambia tu kwamba mashine yake ni nzuri.

Alimkuta shangazi kwenye kiti kilekile, dirishani. Chumba kilikuwa safi, kila kitu mahali pake.

"Nimeileta," Bi Sabuni alisema.

"Lete."

Shangazi aliipokea, akaisogeza mpaka kwenye kope kama siku ile, akaanza kuisoma kuanzia juu kushoto, polepole, kwa umakini wote wa mtu aliyesoma majalada maisha yake yote. Bi Sabuni alimtazama. Halafu akaona. Picha ilikuwa kichwa chini. Shangazi alikuwa akiusoma ukingo wa shingo yake mwenyewe mahali pa paji la uso, na hakujua.

"Shangazi," aliita. Akasogea karibu. "Shangazi, tangu lini?"

"Nimeishika vibaya?"

"Umeigeuza."

"Aa." Shangazi akaishusha, akaipapasa pembeni kana kwamba pembe zingemwambia. "Kwenye dirisha naona mwanga bado. Ule wa jicho la kulia. Vitu ndivyo sivioni. Vimeondoka baada ya ile picha ya kwanza, si siku nyingi."

Bi Sabuni alipiga magoti pale sakafuni. Alitaka kusema juu ya kikao, juu ya skrini, juu ya kaka na shemeji na msusi, lakini alijua hakuna hata mmoja kati yao aliyeshika ile karatasi dukani. Sura ya mwisho ambayo shangazi aliiona vizuri duniani ilikuwa ile ya kwanza aliyomletea, ya yule mwanamke asiye na mama. Akalia, bila aibu, kwa sauti, akiwa ameweka kichwa kwenye goti la shangazi kama alivyokuwa akifanya utotoni.

Shangazi alimwacha alie. Mkono wake ulimpapasa kichwani, ukashuka usoni, ukafuta machozi upande mmoja na kuuacha upande wa pili. Kisha akaigeuza picha, akaiegemeza kifuani mwake, uso ukimtazama Bi Sabuni.

"Haya, futa kamasi," alisema. "Si una macho wewe? Nisomee."

"Nisome nini, shangazi?"

"Mimi. Anza juu. Na usinioshe."

Bi Sabuni alivuta pumzi. Alizitazama sura mbili, ya karatasi na ya mwenyewe juu yake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo hakujua aanze na neno gani, maana maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya kuwapendezesha watu.

"Umezeeka, shangazi," alisema.

"Hilo nimelisikia," alisema shangazi, akajiweka sawa kwenye kiti. "Endelea."